Subaru ya turbo imenoki: spea zipi ununue mpya, zipi mtumba, zipi uziache dukani

Injini ya Subaru ya turbo ikinoki, yaani ikianza kugonga chini, mwenye gari hupata washauri kabla hajapata fundi. Mmoja atamwambia aagize injini nzima kutoka Japani. Mwingine atasema fungua, tia pistoni za foji, mambo yaishe. Wa tatu ana binamu mwenye duka Grogan, mtaa wa spea Nairobi. Wote huenda wakawa sahihi, kwa sababu kila mmoja anajibu swali lake mwenyewe. Mimi swali ninalolitanguliza kwa kila kipuri ni hili: kikifa, kinakufa peke yake au kinaondoka na injini? Sensa ya oksijeni ikifa, taa itawaka kwenye dashibodi na matumizi ya petroli yatapanda, basi. Mkanda wa taimingi ukikatika, valvu zinakutana na pistoni na bili inabadilika jina. Pesa zifuate jibu la swali hilo, si rangi ya boksi.

Magari ninayoyalenga ni yale yanayojulikana hapa kwetu kwa mlio hata kabla hayajaonekana: Impreza WRX na STI za GC8 (1992 hadi 2000), GDA na GDB zilizofuata, Forester za turbo za SF5 na SG5, na Legacy GT ya BP5. Colin McRae alishinda Safari Rally kwa Impreza mwaka 1997, Richard Burns akairudia kazi hiyo 2000, na tangu hapo kijana wa Nairobi hakuhitaji tangazo lingine. Chini ya boneti za magari haya kuna EJ20: silinda 4 zilizolala pande mbili, cc 1,994, kipenyo cha silinda mm 92 na mwendo wa pistoni mm 75. Injini hiyo ilianza na Legacy mwaka 1989 na Subaru waliendelea kuiunda kwa takriban miaka 30. Maana yake kwa mnunuzi ni kwamba spea zipo nyingi sana, na nyingi kati yake hazikutengenezwa kwa ajili ya gari lako.

## Ijue EJ yako kabla hujatoa pesa

Muuzaji akikwambia "hii ni ya EJ20, inaingia," bado hajakwambia kitu. GC8 za mwanzo zina EJ20G, zilizofuata EJ20K. WRX za kawaida na Forester nyingi zina EJ205. STI ina EJ207, inayozunguka hadi 8,000 kwa dakika. Legacy GT ya kuanzia 2003 ina EJ20X au EJ20Y. Tofauti si herufi tu. Kuna zenye AVCS, mfumo unaobadilisha muda wa kufunguka kwa valvu kwa nguvu ya presha ya oili, na kuna zisizo nao; EJ20X inao upande wa kuingiza hewa na wa kutoa moshi pia. Kuna zenye koo la hewa linalovutwa kwa waya na zenye la umeme. Hata gurudumu la meno la kranki linalosomwa na sensa lilibadilika: la zamani lina meno 6, la baadaye lina meno yaliyogawanywa kwa 36 huku machache yakiwa yameondolewa. Ukichanganya, kompyuta ya injini haitaelewa kranki iko wapi na gari halitawaka, hata kama kila bolti imeingia vizuri.

Kwa hiyo nunua kwa namba ya chesisi. Iko kwenye kibati ndani ya boneti pamoja na msimbo wa modeli, na katalogi ya Subaru huanzia hapo. Duka lisilotaka namba ya chesisi kwa kipuri cha ndani ya injini linakisia, na anayelipia kukisia ni wewe.

## Injini nzima kutoka Japani au oveholi?

Huu ndio uamuzi mkubwa, na ndio watu wanaoufanya kwa haraka zaidi.

Injini ya mtumba ina faida moja ambayo mafundi hawapendi kuikubali: ilifungwa kiwandani. Bloki ya EJ ni vipande viwili vinavyokutana katikati ya kranki, vimechongwa pamoja na havibadilishani na vya bloki nyingine. Kiwanda kilivifunga kwa vipimo ambavyo karakana nyingi za kwetu hazina hata kifaa cha kuvisoma. Pia injini hiyo mara nyingi huja na turbo yake, sensa zake na alteneta. Siku chache gari linarudi barabarani.

Ubaya wake ni kwamba unanunua historia ya mtu mwingine. Kilomita anazokutajia muuzaji hazina ushahidi, kwa sababu dashibodi ilibaki Japani. Injini iliyokaa miezi kwenye kontena na kisha juu ya sakafu ya duka ina sili zilizokauka. Zile zinazopitia yadi za Sharjah zina kikwazo kingine: huko huchanganyika na za magari yaliyouzwa Ghuba, na unaweza kuuziwa EJ25 ukidhani ni EJ20. EJ25 ni cc 2,457, silinda zina kipenyo cha mm 99.5. Si injini mbaya, lakini si yako, na kufunga hedi za EJ20 juu ya bloki yake ni mradi wa mtu mwenye pesa za kurudia.

Ukiweza kupata nusu ya mbele ya gari zima, yaani injini ikiwa na waya zake, kompyuta yake na giaboksi, chukua hiyo hata kama ni ghali zaidi. Utaepuka wiki nzima za fundi wa umeme.

Kabla ya kulipa, pima kompresheni, yaani presha inayobanwa ndani ya kila silinda. Hapa kuna jambo linalowapotosha wengi. Vipimo vinavyotajwa kwenye vitabu ni vya usawa wa bahari. Injini inayosoma psi 150 ukiipima Dar es Salaam itasoma kama 120 na kitu Nairobi au Mbeya, kwa sababu miji hiyo iko karibu mita 1,700 juu na hewa yenyewe ni nyepesi kwa takriban moja ya tano. Nimesikia injini zenye afya zikikataliwa Nairobi kwa hesabu ya pwani, na nyingine mbovu zikinunuliwa pwani kwa sababu "zinasoma vizuri kuliko ile ya Nairobi." Usiitazame sana namba yenyewe. Tazama silinda nne zikilinganishwa zenyewe kwa zenyewe, betri ikiwa imejaa na koo la hewa likiwa wazi kabisa. Tatu zikisoma sawa na moja ikabaki nyuma kwa psi 20, hiyo injini iache hapo hapo, hasa kama iliyobaki nyuma ni namba 4. Silinda hiyo ina sifa mbaya katika injini hizi, na kipande cha pistoni kilichopasuka kati ya ringi huanza kujulisha hivyo.

Halafu omba sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ifunguliwe. Muuzaji mkweli atanung'unika lakini atakubali. Unatafuta chembe zinazong'aa chini, na unataka kuona mrija wa kunyonya oili. Akikataa kabisa, jibu umelipata.

Oveholi, kwa upande mwingine, inakupa kitu ambacho mtumba hauna: unajua kila kilichomo. Lakini ubora wake ni ubora wa karakana inayochonga. Silinda za EJ205 zimesimama bila kushikwa juu, zimezungukwa na maji, na bolti za hedi zikikazwa zinazipinda kidogo. Karakana inayoelewa hufunga bamba nene la chuma juu ya bloki na kulikaza kama hedi kabla ya kuchonga, ili silinda iwe duara ikiwa imebanwa, si ikiwa huru. Uliza kama wana bamba hilo kwa Subaru. Wakikuuliza "bamba la nini?", rudi kwenye wazo la injini ya Japani. Kwa maoni yangu, injini ya mtumba yenye afya ni bora kuliko oveholi ya kubahatisha, na oveholi ya karakana nzuri ni bora kuliko injini ya mtumba isiyopimwa. Katikati ya hizo mbili ndipo pesa nyingi hupotelea.

Njia ya tatu ni bloki mpya kutoka Subaru ikiwa na kranki na pistoni ndani. Kwa STI inaweza kuwa na maana. Kwa Forester ya kubeba watoto shule, usafiri na ushuru vitakumaliza.

Na ukilinganisha bei, linganisha kwa haki. Juu ya bei ya injini ya mtumba ongeza seti ya taimingi, pampu ya maji, sili za mbele na nyuma, plagi, gasketi za vifuniko vya valvu na oili. Vitu hivyo hubadilishwa injini ikiwa chini, si baadaye. Ongeza na karatasi: namba ya injini imeandikwa kwenye logbuku Kenya na kwenye kadi ya gari Tanzania, hivyo mabadiliko yanapaswa kufika kwa mamlaka ya usajili, NTSA kwa Kenya au TRA kwa Tanzania, na utahitaji risiti ya ulikonunua.

## Njia ya oili: hapa usibane pesa

EJ zinazonoki hazinoki kwa sababu ya pistoni. Zinanoki kwa sababu beringi za konrodi zilikosa oili, au zilikunywa oili yenye chuma ndani yake. Kwa hiyo kama bajeti ni ndogo, anzia huku.

Pampu ya oili. Rota zake huja katika unene wa mm 10, 11 na 12 kulingana na modeli. Wauzaji wanapenda kukusukumia ya 12 kwa sababu ni kubwa, lakini pampu kubwa kwenye injini isiyoihitaji inakula nguvu na kurudisha oili ya ziada ilikotoka. Fuata ile ya gari lako. Wengi wanaojenga injini ya nguvu huridhika na ya 11. Kati ya pampu mpya ya orijino na ya mtumba sina ubishi: mpya. Ya bei chee isiyo na jina la kampuni iache, maana hujui kazi ya ndani yake. Hata ile mpya ya orijino fungua nyuma yake kwanza. Kuna skrubu zinazoshika bamba la nyuma ambazo zinajulikana kwa kulegea. Zitoe, zisafishe, tia gundi ya nyuzi, kaza. Kazi hiyo haigharimu kitu.

Mrija wa kunyonya oili. Wa kiwandani hupasuka kwenye kiungio, na ukipasuka pampu inavuta hewa badala ya oili, hasa ukipiga kona kali. Hapa ndipo mahali pamoja ambapo spea ya mbio inaishinda ya orijino bila mjadala. Ulioimarishwa, kama ule wa kampuni ya Killer B, ni wa kudumu. Kama haupatikani, nunua mpya wa orijino. Wa mtumba hapana, hata ukiwa umepakwa rangi.

Kipoza oili, kile kinachokaa kati ya filta na bloki na kupitisha maji. Baada ya injini kunoki, kipoza hicho kimejaa unga wa chuma ndani ya njia nyembamba ambazo hakuna petroli wala hewa ya kompresa itazisafisha zote. Watu wanaweka beringi mpya, kranki mpya, kisha wanarudisha kipoza kile kile, na injini inanoki tena kabla ya sevisi ya pili. Badilisha. Huyu ndiye muuaji anayesahaulika kuliko wote.

Nyavu za AVCS. Katika injini nyingi zenye mfumo huo kuna wavu mdogo ndani ya bolti ya mrija wa oili, na kwa baadhi yake mrija huo huo unailisha turbo. Wavu ukiziba, turbo inakauka, shafti inakatika, na vipande vinaingia kwenye oili. Unaweza kusafisha, lakini bolti na wavu mpya ni spea ndogo. Safisha pia valvu za AVCS zenyewe.

Na gundi. Vipande vya bloki na sampu hufungwa kwa gundi ya majimaji inayokaa badala ya gasketi, ya Three Bond kiwandani. Kwetu utakuta gundi nyekundu imefurika pande zote kama jamu. Kinachoonekana nje kimeingia na ndani kiasi hicho hicho, na kikikatika kinaelekea moja kwa moja kwenye wavu wa mrija wa kunyonya. Nunua gundi nzuri, na mwambie fundi aipake nyembamba.

## Beringi na kranki

Beringi za orijino za Subaru zinapatikana kwa saizi ya kawaida na za kupungua kwa mm 0.03, 0.05 na 0.25. Hilo ni jambo zuri kuliko linavyosikika: fundi mwenye kipimo cha maikromita anaweza kuchagua saizi inayorudisha nafasi sahihi bila kuchonga kranki kabisa, kwa kuing'arisha tu. ACL na King ni kampuni nzuri zenye beringi za mbio, ngumu zaidi, zinazostahimili mzigo wa busti ya juu, yaani presha ya hewa inayosukumwa na turbo. Lakini beringi ngumu husamehe kidogo: uchafu unaoweza kuzama kwenye beringi laini bila madhara unaikwaruza kranki. Kwa gari la kila siku ningechukua za orijino. Kwa gari linalopelekwa mashindanoni na oili yake inabadilishwa kila mara, ACL au King.

Kranki ya mtumba inakubalika, tena ni mahali pazuri pa kubana bei, mradi imepimwa na haina mikwaruzo. Kuchonga hadi mm 0.25 nakuogopa kwa STI, kwa sababu kranki za baadhi ya injini hizo zimetiwa ugumu kwenye ngozi ya juu, na kuchonga kunaiondoa ngozi hiyo. Kranki nzima ya mtumba ni bora kuliko yako iliyochongwa.

Beringi za mtumba? Zipo zinazouzwa, zimesuguliwa zikang'aa. Hakuna haja ya kuzijadili.

## Pistoni: za kiwandani au za foji?

Hapa ndipo mazungumzo ya baa huishia. Pistoni za kiwandani katika nyingi ya injini hizi zimemiminwa kwenye kalibu. Za foji ni alumini iliyogandamizwa kwa nguvu kubwa, kwa hiyo haipasuki kirahisi ikipigwa na mlipuko wa ghafla, ule mlio wa kokoto unaosikika gari likivuta mlima kwenye gia kubwa.

Lakini foji nazo si kitu kimoja. Aloi ya 4032 ina silikoni nyingi, inapanuka kidogo ikipata moto, hivyo inafungwa kwa nafasi ndogo na haipigi kelele asubuhi. Aloi ya 2618 ina silikoni kidogo sana, ni ngumu kuvunjika kuliko zote, lakini inapanuka sana. Inahitaji nafasi kubwa kwenye silinda, inagonga ikiwa baridi, na hunywa oili zaidi. Mwenye Forester anayesafiri dakika kumi kwenda kazini na kufika kabla injini haijapata joto atakuwa anaiua 2618 taratibu. Ya 4032 itamfaa, kama kweli anahitaji foji.

Na wengi hawahitaji. Pistoni ikipasuka, tatizo halikuwa pistoni. Lilikuwa mlipuko wa mapema uliotokana na busti kupandishwa bila kutuniwa, yaani bila kompyuta ya injini kupangwa upya, au petroli isiyolingana na injini. STI za Japani zilitengenezwa kwa petroli ya bei ya juu ya huko, inayouzwa kwa oktani 100. Pampu za kwetu ziko chini ya hapo. Gari lililoletwa na mpangilio wa Japani, likanyweshwa petroli ya kawaida na kupandishwa busti kwa valvu ya kurekebisha kwa mkono, litavunja pistoni za kumimina, na likipewa za foji litahamia kwenye beringi. Pesa ya pistoni za foji ikilipa kwanza fundi wa kutuni mwenye mashine ya kupimia nguvu, injini nyingi zitaishi na pistoni zake za kiwandani.

Pistoni za orijino zinakuja na saizi za kuongezeka kwa mm 0.25 na 0.50. Kama silinda zimechakaa kidogo, chukua 0.25, ubaki na nafasi ya kuchonga mara nyingine. Ringi zisibuniwe: nunua za pistoni hiyo hiyo.

## Seti ya taimingi

Huku ulinganisho ni rahisi na wengi hulipa zaidi bila sababu. Subaru haitengenezi mkanda wala beringi zake; inanunua. Mkanda mara nyingi ni Mitsuboshi, beringi za kuzungushia ni NTN, NSK au Koyo, pampu ya maji Aisin. Seti ya Aisin inakuletea majina hayo hayo kwenye boksi moja, na bei yake ni nafuu kuliko kununua kila kimoja kwenye mfuko wa Subaru. Ningenunua hiyo. Gates nao ni watengenezaji wazuri wa mikanda, ila soma jina lililochongwa kwenye kila beringi na kwenye tensheni (kikaza mkanda) ndani ya boksi, maana seti si mkanda peke yake. Tensheni isiyo na jina ikilegea, mkanda mzuri unaruka meno.

Ruka seti za intaneti zenye kila kitu kwa bei ya mkanda mmoja. Injini hizi zikiruka meno, valvu zinapinda. Muda wa kubadilisha kwa Japani ni kilomita 100,000. Kwa injini ya mtumba, muda ni siku ya kuifunga.

Mambo mawili kwa fundi. Kwanza, alama za kupanga ni mikato iliyo kwenye ukingo wa magurudumu, si mishale. Mishale imewapotosha wengi. Pili, tensheni inabanwa polepole ikiwa imesimama wima hadi pini iingie. Ikibanwa kwa haraka au ikiwa imelala, sili yake ya ndani inaharibika, na utakuwa umenunua mpya ili uifunge ikiwa mbovu.

## Gasketi za hedi

Ya chuma cha tabaka nyingi, hilo halina mjadala kwa turbo. Ya orijino inatosha kwa gari la barabarani. Ya kampuni ya Cometic ina maana kama unahitaji unene tofauti au silinda zimepanuliwa. Za mchanganyiko wa karatasi na grafaiti zinazouzwa kwa "EJ zote" ziache. Kinachoamua kuliko jina la gasketi ni uso inakokaa. Gasketi ya chuma inataka uso laini sana, na mpindo unaoruhusiwa kwenye hedi ni mwembamba kuliko unywele. Hedi iliyopitishwa kwenye jiwe la kusagia kwa mkono haitashika gasketi yoyote.

## Turbo na vinavyobaki

Turbo za kiwandani ni IHI za ukoo wa VF au Mitsubishi za TD04 na TD05. Kati ya IHI ya mtumba yenye shafti isiyochezacheza na nakala mpya isiyo na jina, chukua ya mtumba, kisha ifunguliwe na kuwekwa seti mpya ya vipuri vya ndani. Ikiwa turbo yako ya zamani ndiyo iliyokatika, osha intakula (kipoza hewa ya turbo) na mirija yote kabla ya kufunga nyingine.

Vinavyobaki nitavipitia kwa mkupuo:

| Kipuri | Mtumba unafaa? | Ningechukua |
|---|---|---|
| Silinda hedi | Ndiyo, ikipimwa | Mtumba, valvu zikisagwa upya |
| Kemshafti | Ndiyo | Mtumba wa msimbo huo huo |
| Konrodi | Ndiyo, kama haikunoki | Za kiwandani; za foji kwa busti kubwa tu |
| Sili zote | Hapana | Orijino |
| Plagi | Hapana | NGK, joto lililotajwa kwenye kitabu |
| Koili | Kwa tahadhari | Mpya za kampuni inayojulikana |
| Thermostati | Hapana | Orijino |
| Mipira ya maji | Hapana | Orijino. Ya silikoni ni urembo |
| Alteneta, stata | Ndiyo | Mtumba wa Japani |

Thermostati, valvu inayofungua njia ya maji kulingana na joto, inaonekana kitu kidogo, lakini ya Subaru inakaa upande wa maji yanayoingia injini na ni kubwa kuliko nakala nyingi. Nakala huchelewa kufunguka, injini inachemka mlimani, na gasketi uliyoilipia inaanza kuvuja.

## Kutambua feki

Namba nyingi za Subaru huwa na tarakimu tano, herufi mbili, tarakimu tatu, kama 15208AA100 ya filta ya oili. Tarakimu ya mwisho ikiwa tofauti na uliyoitafuta, mara nyingi ni toleo lililosahihishwa la kipuri hicho hicho. Mwambie muuzaji akuonyeshe kwenye katalogi. Filta na plagi ndizo zinazoigwa zaidi kwa sababu zinauzwa kila siku. Nunua plagi moja ya kulinganishia kutoka kwa wakala, uende nayo Kirinyaga Road ya Nairobi, Gerezani ya Dar es Salaam au Kisekka ya Kampala. Herufi zilizochapwa kwenye kaure na umaliziaji wa nyuzi vitakuonyesha. Beringi za taimingi zizungushe kwa kidole: nzuri ina uzito wa grisi, feki huzunguka kwa kelele kama ya baiskeli.

## Ningezigawa vipi pesa

Forester au WRX ya kila siku isiyotuniwa, injini imenoki: injini ya Japani iliyopimwa, pamoja na seti ya Aisin, mrija mpya wa kunyonya, kipoza oili kipya na pampu iliyofunguliwa ikakazwa skrubu. Usiguse ndani.

GC8 au GDB unayoipenda na huna mpango wa kuiuza, na karakana yenye bamba iko karibu: oveholi kwa beringi na pistoni za orijino, kranki ya mtumba ikihitajika, kisha kutuni kwa petroli unayonunua kweli, si ile ya Japani.

Gari la autokrosi au rali za klabu: foji ya 2618, konrodi za foji, beringi za ACL au King, bolti ndefu mpya za hedi, na ukubali kwamba utaifungua tena msimu ukiisha.

Kwa wote watatu, nunua filta mbili na oili ya mara mbili siku ya kwanza. Ya kwanza mwaga baada ya kilomita chache za mwanzo, kata filta kwa msumeno wa chuma, tandaza karatasi yake juani. Unga mwembamba wa kijivu ni wa kawaida kwa injini iliyofungwa upya. Vipande vinavyoonekana kwa jicho, hasa vyenye rangi ya shaba, ni beringi. Zima gari, mpigie fundi, na usiendeshe hata hadi gereji.